Tupatane Archives, Lakini Safari Hii Ndani

Kila mtu wa Nairobi amewahi kumngoja mtu Archives. Unasimama pale Moi Avenue, simu umeishika kwa nguvu kwa sababu unaijua tao, na unaambiwa "nimefika, niko hapa tu" na mtu ambaye hata hajatoka kwa nyumba. Dakika arobaini zinapita. Halafu anatokea, mnaenda kula chipsi, basi.

Swali langu ni hili: wangapi kati yetu tumewahi kugeuka na kuingia ndani?

Mimi mwenyewe sijitoi kwenye lawama. Nilingoja watu hapo miaka sita kabla ya kuvuka ule mlango, na hata siku hiyo niliingizwa na mvua. Nikakuta vinyago, nguo, mapambo na vyombo kutoka pembe nyingi za Afrika. Nje makanga wanaita abiria, ndani ni kimya. Nilisikia aibu. Miaka yote hiyo nilikuwa nimekipa mgongo kitu nilichokuwa nikilalamika kwamba hatuna.

Vitu hivyo vilikusanywa na Joseph Murumbi. Baba Mgoa, mama Mmaasai. Mwaka 1966 alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya, na katika mwaka uo huo akajiuzulu. Hebu fikiria hilo katika nchi hii, ambapo mtu hung'ang'ania hata kiti cha MCA mpaka atolewe kwa korti. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye, mkewe Sheila na Alan Donovan walianzisha African Heritage hapa hapa Nairobi, sanaa ya bara hili ipate nyumba yake.

Serikali ilinunua mkusanyo wake pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, na nyumba hiyo ilikusudiwa kuwa kituo cha utafiti wa Afrika. Kituo hakikuwahi kuwa. Nyumba ikabomolewa. Murumbi akafa mwaka 1990, akazikwa City Park karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa, kwa hivyo Muthaiga si kosa letu. Lakini kilichobaki ni juu yetu.

Na kimebaki si Archives peke yake. Umewahi kupanga laini Nyayo House ukitafuta pasipoti? Jengo dogo la mawe hapo kando, Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, ni Nairobi Gallery. Lilijengwa mwaka 1913, ofisi ya mkoloni ya kushughulikia "wenyeji". Humo ndimo watu walikoandikishwa kuzaliwa, kuoana na kufa. Leo humo mna sehemu nyingine ya mkusanyo wa Murumbi. Yaani nyumba ambayo babu zetu waliingia wakiwa majina kwenye daftari la mtu mwingine, sisi tunaweza kuingia kama wenyewe. Na tunapita. Tuko mbioni kuchukua pasipoti twende Doha.

Najua majibu. Ati makumbusho ni ya watalii na watoto wa primary. Kwani nani aliamua hivyo? Watalii wanaenda kwa sababu wanaenda. Ati hakuna doo. Raia hutozwa kidogo kuliko mgeni, na hatujawahi kukosa pesa ya kuingia klabu Ijumaa. Ati ni kazi ya serikali. Kweli, ni kazi yake, na tuidai bila kuchoka: bajeti, ulinzi, maelezo kwa lugha tunazozungumza. Lakini huwezi kudai kitu ambacho hujui kiko wapi.

Tunapenda kuwapigia Wazungu kelele mtandaoni, na tuna haki. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo, ilichukuliwa enzi za ukoloni na iko British Museum hadi leo. Irudi. Lakini hebu tuwe wakweli: ikirudi kesho, tutaiweka wapi, na nani atakwenda kuiona baada ya wiki ya kwanza ya picha? Anayeizuia anasubiri tu kusema kwamba hata vilivyo nyumbani hatuviangalii. Tusimpe hoja hiyo.

Halafu kuna jambo ambalo kila mtu aliyekulia Nairobi analielewa bila kufundishwa: ardhi. Katikati ya tao, jengo la zamani lisilo na watu ni ploti inayongoja mnunuzi. Siku ambayo mtu mwenye pesa atalitazama na kuona maduka na maegesho, kitu kitakachomzuia ni umati unaosema, "Hapo ni petu, tunaingia kila mwezi." Sisi ndio kizazi kilichojaa barabara hizo hizo Juni 2024 tukisema nchi ni yetu. Sasa nchi si bajeti na Bunge peke yake. Ni pamoja na hivi vitu.

Kwa hivyo nina ombi moja, na halihitaji hashitegi. Ukipanga kuonana na mtu wiki hii, mwambie akukute Archives, ndani, kwenye ukumbi wa Murumbi. Akichelewa dakika arobaini, utakuwa na kitu cha kutazama.