Abyei ipewe kura yake

Kura ya maoni iliyoahidiwa wakazi wa Abyei, eneo linalogombaniwa na Sudan na Sudan Kusini, katika mkataba wa amani wa Sudan wa mwaka 2005 ifanyike chini ya usimamizi wa kimataifa, na Khartoum na Juba ziheshimu matokeo yake.

Kura hiyo, ya kuchagua kati ya kaskazini na kusini, ilipangwa Januari 2011, siku zile zile ilipopigwa iliyozaa Sudan Kusini. Ikakwama kwa swali la nani ni mkazi: Wadinka wa Ngok walioweka makazi ya kudumu, au pia Wamisseriya wanaoingia na mifugo kila kiangazi? Hofu ya wafugaji ni ya kweli, lakini ilishajibiwa. Mahakama ya usuluhishi ya The Hague, ilipochora upya mipaka ya eneo hilo mwaka 2009, ililinda haki zao za malisho. Kulisha ng'ombe mahali ni haki; kuamua mahali hapo pawe nchi gani ni haki nyingine kabisa.

Oktoba 2013 Wangok walijipigia kura wenyewe, wakachagua kusini. Hakuna aliyeitambua. Askari wa Umoja wa Mataifa wapo tangu 2011, wanatuliza, hawaamui. Vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023 sasa vimekuwa kisingizio kipya cha kuichelewesha kura.

Sudan Kusini ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, hivyo hili si la majirani wa mbali. Wenye dhamana ya mkataba ule waanze na daftari la wapigakura, kisha watangaze tarehe.