Sumaku ya Vizibo vya Soda

Naomba ukurasa mmoja tu katika jarida letu nitoe dukuduku lililonikaa rohoni tangu kidato cha pili. Wanaotaka mashairi na vichekesho wafungue mbele, viko tele.

Mnakumbuka tulivyofundishwa sumaku. Unaweka sumaku chini ya karatasi, unamwaga unga wa chuma juu yake, unachora mistari. Kisha inakuja ile nadharia ya domeni: ndani ya chuma mna vijisumaku vingi, vikielekea upande mmoja chuma kizima huwa sumaku, ukikipasha moto vinatawanyika. Tukaandika, tukakariri, tukapata alama. Mimi nikanyosha mkono. "Mwalimu, kwani moto unavifanya nini? Na nani huviambia vielekee upande mmoja?" Darasa zima kicheko. Mwalimu hakunikemea, ila alisema neno ambalo kila mmoja wetu amewahi kulisikia: hilo halitoki katika mtihani.

Wakati wa kuchagua masomo nusura niiache fizikia. Katika darasa letu la watu 46 tulibaki 11, wasichana watatu.

Aliyenirudisha ni binamu yangu anayesoma Chiromo, katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Likizo ya Desemba alikuja kwetu Kangemi nikamrushia swali lile lile. Badala ya kunihutubia akaomba dadu mbili za ludo na vizibo vya soda 36. Mama akadhani tunacheza kamari.

Tulichora miraba sita kwa sita, kila mraba kizibo kimoja, kinatazama juu au chini. Kila kizibo ni kijisumaku. Unarusha dadu mbili. Moja inataja safu, nyingine mstari, na kizibo kilichoitwa unakitazama pamoja na majirani wake wanne. (Aliye ukingoni, jirani yake ni yule wa ukingo wa pili, kana kwamba karatasi imekunjwa.) Ikiwa majirani wanaotazama upande wake ni wawili au pungufu, kigeuze. Wakiwa watatu, rusha dadu: kinageuka ukipata sita tu. Wakiwa wote wanne, sharti sita mbili kwa mpigo. Hizo sita ndizo joto. Ukitaka baridi, dai sita nyingi zaidi, mbili badala ya moja na nne badala ya mbili. Ukitaka moto mkali, tupa dadu, tumia sarafu.

Kwa sarafu, baada ya saa nzima, tulikuwa na 19 juu na 17 chini, fujo kama Odeon saa kumi na mbili jioni watu wakigombania matatu. Kwa kanuni ya baridi, vizibo 33 viliishia kutazama upande mmoja, na jamani, hakuna aliyeviamuru! Hapo ndipo nilipopata jibu langu. Kijisumaku hakisikii amri kutoka juu. Kinawasikiliza majirani tu, na joto ni kelele inayowazuia kusikizana. Binamu akaongeza kwamba ile kanuni ya sita moja imekaa karibu kabisa na mpaka: hesabu ya Lars Onsager ya mwaka 1944 inauweka mpaka kwenye 2.27 kwa vipimo vya mchezo huu, na dadu yetu inatoa 2.23.

Mbona basi kompyuta? Kwa sababu miraba 36 tu ina mipangilio zaidi ya bilioni 68. Huwezi kuipitia yote; unaionja kwa bahati nasibu, kama anayeonja mchuzi kwa kijiko. Njia hii ilichapishwa mwaka 1953 na watu watano, wengi wao wa maabara ya Los Alamos kule Marekani, na aliyeiandikia kompyuta programu yake ni mwanamke, Arianna Rosenbluth. Wale wanaosema fizikia ni ya wavulana walisome jina hilo mara mbili.

Siku hizi uigizaji huu unawasaidia wanaotafuta sumaku za molekuli, zinazotengenezwa ndani ya chupa za kemia wala si kwenye tanuri. Mwaka 1991 ilitangazwa moja ya vanadiamu inayobaki sumaku hata katika joto la chumbani, lakini hewa huiharibu. Mwaka 1993 ikaonekana kuwa molekuli moja yenye atomu 12 za manganizi inaweza kuhifadhi usumaku wake, ila kwenye baridi ya karibu nyuzi 271 chini ya sufuri. Mwaka 2018 ya disprosiamu ikafika nyuzi 193 chini ya sufuri. Bado safari ni ndefu, na hakuna anayeweza kupika kila molekuli ajaribu. Kompyuta huchuja kwanza.

Msiseme hayo ni ya wazungu. Mwaka 2012 shule ya Kiafrika ya kufundisha hesabu za namna hii, iitwayo ASESMA, ilifanyika Eldoret. Programu moja inayotumika sana, Quantum ESPRESSO, hutolewa bure.

Sasa dukuduku lenyewe. Shuleni kwetu kuna kompyuta, na saa kumi zinafungiwa kufuli. Wanaoziona ni wale wa somo la kompyuta peke yao. Mchezo wa vizibo hauhitaji mashine kubwa. Ile mzee kuliko zote inatosha, itarusha dadu mara milioni sisi tukisubiri chai. Najua hoja ya walimu: zikiharibika nani atalipa? Hoja ina uzito, sipingi. Lakini mashine iliyofungiwa nayo inazeeka.

Na wenzangu mnaocheka eti Kiswahili hakiwezi fizikia, mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Mimi mchezo huu wote nilielezwa kwa Kiswahili cha Kangemi nikauelewa, baada ya kuukosa kwa Kiingereza muhula mzima.

Ijumaa baada ya mkutano wa chama nitakuwa darasani na vizibo vyangu. Mwenye dadu aje nayo, maana moja ya zetu imepotea.