Zama zao, zama za nani?

Jamani wadau, nimetoka semina sasa hivi na roho haijatulia. Naandika kabla hata sijala.

Leo mada ilikuwa Athens ya kale. Madesa yanasema ndo mama wa demokrasia, kila mtu alikuwa na sauti. Nikanyoosha mkono nikauliza: kila mtu nani? Wanawake? Watumwa? Jamaa mmoja wa nyuma akanijibu, "Dada, usiwahukumu kwa macho ya leo, wale walikuwa watu wa zama zao." Darasa zima kicheko, tukaendelea.

Haya, twendeni huko huko kwenye zama zao.

Kulikuwa na mwanamke anaitwa Neaira. Alikulia utumwani Corinth, kwa mwanamke aliyekuwa akinunua vitoto vya kike na kufanyia biashara miili yao. Wanaume wawili wakachanga mina 30, yaani drakma 3,000, wakamnunua wawe wanamtumia wote wawili. Walipotaka kuoa wakamwambia jikomboe, lete mina 20. Akahangaika, akazipata. Miaka ikapita, karibu mwaka 340 KK, akiwa Athens anaishi na raia mmoja, akashitakiwa kwamba anajifanya mke halali wa raia. Adhabu yake? Kuuzwa tena. Waamuzi wanaume watupu. Na haya yote tunayajua kwa mdomo wa mshitaki wake, Apollodorus. Neno la Neaira mwenyewe hatuna hata moja.

Msingi wa kesi ile ni sheria ya Pericles ya mwaka 451 KK: raia ni yule tu ambaye baba na mama wote ni wa Athens. Yaani mama anahitajika azae raia, ila kwenye baraza hakanyagi, na mahakamani anasemewa na baba, mume au kaka. Na huyo mama naye nyumbani anamwamrisha mwanamke mwingine, mtumwa, ambaye ushahidi wake mahakamani ulihesabika baada ya kuteswa. Kwa hiyo na nyie mnaosema "wanawake wote walikuwa kama watumwa", acheni. Anayeamrisha na anayeamrishwa hawakulala kitanda kimoja.

Sasa sikilizeni utamu. Tauni ilipowaua watoto wawili wa ndoa wa Pericles, akabaki na mtoto aliyezaa na Aspasia, mgeni kutoka Miletus. Kwa sheria ya baba yake mwenyewe, huyo si raia. Akapewa uraia! Kumbe sheria ya zama zao ilipindika vizuri tu, ilimradi mlangoni anabisha mkubwa.

Na msiniambie hawakujua. Aristotle, anayeutetea utumwa, anakiri mwenyewe kwamba wapo waliosema utumwa ni kinyume cha maumbile, ni mabavu tu. Swali liliulizwa zama zile zile. Walisikia, wakachagua kuendelea.

Hivyo jamaa yangu wa nyuma, Neaira naye alikuwa mtu wa zama zake. Ukisema "zama zao" ukamwacha nje, hujaeleza historia, umerudia tu hukumu ya waliomshitaki.

Kwenye mtihani nitaandika hivi hivi. Maksi zikikatwa, zikatwe. Mwenye hoja aje nayo, ila aje ameshasoma, siyo kudesa.