Urithi wa Bwana Shauri

Imani moja imezoeleka katika mijadala ya siasa za Afrika Mashariki kiasi kwamba hata wasomi huirudia bila kuihoji: kwamba Waingereza, pamoja na maovu yao yote, waliacha utawala wa sheria, yaani mfumo ambamo mtawala naye hubanwa na sheria kama raia yeyote, na kwamba Waafrika ndio waliouvuruga. Imani hiyo haisimami mbele ya kumbukumbu za utawala wenyewe.

Katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, lililoundwa mwaka 1926, Mwafrika hakuonekana hadi 1945, tena kwa kuteuliwa. Uchaguzi wa 1958 na 1959, uliofanyika uhuru ukiwa umekaribia, uliendeshwa kwa kura tatu, utaratibu uliomtaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, huku haki yenyewe ya kupiga kura ikifungwa na masharti ya kipato, elimu au cheo. Nchini Kenya, Waafrika waliwachagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza mwaka 1957, wakati hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilikuwa bado haijaondolewa.

Chombo kilichokuwa na mizizi mirefu hakikuwa bunge bali ofisi ya mkuu wa wilaya, yule aliyeitwa Bwana Shauri, ambaye alikusanya kodi, akasimamia machifu, na mara nyingi akaketi pia kama hakimu wa watu aliowatawala. Nyuma yake zilisimama sheria zilizomwezesha gavana kumhamisha mtu kwa amri bila kumfikisha mahakamani, kama alivyofanyiwa mwanaharakati wa Kenya Harry Thuku, aliyepelekwa Kismayu mwaka 1922, pamoja na makosa ya uchochezi na kashfa yaliyogeuza maneno ya kuwakosoa maofisa kuwa jinai. Mwaka 1958 Julius Nyerere, kiongozi wa baadaye wa Tanganyika huru, alitozwa faini ya shilingi 3,000 kwa makala iliyowashutumu wakuu wa wilaya.

Warithi wa dola hiyo hawana udhuru, kwa kuwa walizijua sheria hizo kwa uchungu kabla ya kuzitumia. Mwaka 1962 Tanganyika huru ilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini, yaani kumfunga bila mashtaka wala hukumu, na Kenya nayo ilimweka humo mwanasiasa Oginga Odinga mwaka 1969, kisha mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o mwishoni mwa 1977. Hata hivyo, kuuita mwenendo huo uasi dhidi ya mafunzo ya Waingereza ni kichekesho, maana wanafunzi hao walifuata somo kwa uaminifu wa kutisha.

Wapo wanaoitaja India kuwa ushahidi kwamba urithi huohuo ulizaa demokrasia. Wanasahau kwamba kifungu cha uchochezi kilichomtia Gandhi gerezani mwaka 1922 kilibaki katika vitabu vya sheria vya India huru, na kwamba bunge lake lilikwisha kupitisha sheria ya kizuizini mwaka 1950. Uhuru wa kisiasa wa Wahindi ulilindwa na mapambano yao dhidi ya urithi huo.

Ndivyo ilivyo hapa pia. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 bado inampa mkuu wa wilaya wa Tanzania uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kushikiliwa hadi saa 48, na uchochezi ulirudi katika Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Chombo kilichoikosoa sheria hiyo ya habari mwaka 2019 ni Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoundwa na nchi za eneo hili zenyewe. Hati ya haki za raia iliingia katika katiba ya Tanzania mwaka 1984, na vifungu vya uchochezi vilifutwa nchini Kenya mwaka 1997 baada ya shinikizo la waandamanaji. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho nchi husika ilikipokea katika makabidhiano ya uhuru ya 1961 au 1963.