Mkwawa Hakufeli kwa Ukaidi

Eti Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alifeli: angesalimu amri kwa Wajerumani, watu wake wangeishi kwa amani. Ndivyo inavyodai makala iliyochapishwa juzi. Amani ipi? Wangoni waliukubali utawala wa Wajerumani mwaka 1897. Mwaka 1906 kiongozi wao Songea Mbano alinyongwa pamoja na wenzake, na chakula cha watu wao kikateketezwa ghalani na shambani. Mwandishi atasema Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani ndivyo vilivyowaponza. Vita hivyo vilitoka wapi, kama si kwenye kodi na kazi za shuruti walizoletewa na utii huohuo? Tukirudi kwa Mkwawa, ukatili wake ungestahili kujadiliwa, lakini makala haikuugusa. Huyo “aliyefeli” aliangamiza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski pale Lugalo mwaka 1891, akanyang'anywa ngome yake ya Kalenga mwaka 1894, kisha akawindwa miaka minne, kichwa chake kimetangaziwa zawadi ya rupia 5,000, huku raia wakimficha na kumlisha.