BWANA SHAMBA ANAZUNGUMZA: Kamba ya Mpiga Picha

Mwezi huu sizungumzi juu ya mahindi. Nazungumza juu ya picha.

Chama chetu kilitaka picha za wanachama 43 kwa ajili ya vitambulisho. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikapiga picha ndani ya ghala, kwa kamera yenye flashi. Flashi ni ile taa inayomulika ghafla na kuzimika. Picha zilipotoka niliona aibu. Nyuso nyingine zilikuwa nyeupe kama unga. Nyingine zilikuwa nyeusi kama masizi. Bibi mmoja aliitazama picha yake akaniuliza, "Mwanangu, huyu ni mimi au ni kivuli changu?" Alikuwa ametembea kilomita 9. Ilimbidi aje tena.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nikisogea mbele na nyuma. Mwanga wa flashi ni kama mbegu za kurusha kwa mkono. Ukisimama mita 1 kutoka kwa mtu, mwanga huanguka mahali padogo. Ukisimama mita 2, mwanga ule ule hutawanyika mahali pakubwa mara 4. Basi uso hupata robo tu. Mimi nilidhani ni nusu!

Sasa nina kamba ya mita 2. Ncha moja naishika kwenye flashi. Ncha nyingine mtu anaishika kwenye kidevu. Kisha anaiachia, napiga. Kiti hakihamishwi.

Kosa la pili, niliiacha kamera ipime mwanga yenyewe. Kamera haijui uso ni upi. Ikiona shati jeupe, hudhani mwanga umezidi. Huupunguza, na uso huwa mweusi. Ikiona koti jeusi, huongeza mwanga, na uso hufifia. Siku hizi naweka flashi yangu kwenye herufi M, nguvu zote. Hapo hutoa mwanga ule ule kila mara.

Flashi hiyo ina namba ya uwezo 16 kwa ISO 100. 16 gawanya kwa mita 2 ni 8. Kwa hiyo naweka tundu la lenzi kwenye 8 na ISO kwenye 100. Sibadilishi mpaka mtu wa mwisho.

Kijitaa cha flashi kikiwaka, usipige hapo hapo. Hesabu mpaka 5. Betri zikichoka, kijitaa huwaka kabla flashi haijajaa.

Tulirudia picha zote 43. Safari hii mweupe alitoka mweupe, na mweusi alitoka mweusi, kama walivyo. Yule bibi sikumtoza kitu.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kukausha mahindi kabla ya kuyaweka ghalani.