Wahamiaji "haramu": jina moja kwa hali nyingi

Katika habari za Kiswahili zinazotoka nchi jirani, mtu aliyevuka mpaka bila kibali huitwa mhamiaji haramu. Jina hilo limezoeleka katika taarifa za polisi na vichwa vya habari, ingawa humhukumu mtu mwenyewe badala ya kulitaja kosa lake.

Haramu ni neno zito. Hutumika kwa chakula kilichokatazwa na dini, kwa mali ya wizi, hata kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Kinyume chake, "mhamiaji halali" husikika kwa nadra: mwenye hati huitwa mgeni, mtaalamu au mwekezaji.

Uzito wa jina hilo ulidhihirika mwaka 2013, Tanzania ilipoendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu ya watu walirejea Rwanda, Burundi na Uganda, wakiwamo walioishi Tanzania kwa miaka mingi. Kwa kuwa operesheni hiyo ililenga pia ujambazi wa kutumia silaha, mfugaji asiye na kibali na jambazi walitajwa katika sentensi moja. Mwaka uliofuata, nchi hiyo hiyo ilianza kuwakabidhi hati za uraia Warundi zaidi ya 160,000 wa familia zilizokimbia mwaka 1972.

Wanaolitetea neno hilo husema sheria imevunjwa, na kulainisha lugha ni kuficha ukweli. Hata hivyo, Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika kifungu cha 31, unakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali iwapo ametoka moja kwa moja mahali pa hatari na kujisalimisha kwa mamlaka bila kuchelewa. Anayeitwa haramu kabla madai yake hayajasikilizwa amekwisha hukumiwa hadharani.

Shirika la habari la Associated Press liliacha kumwita mtu "haramu" mwezi Aprili 2013, likibakiza sifa hiyo kwa kitendo. Kiswahili nacho kina maneno ya kutosha: "asiye na kibali", "aliyeingia kinyume cha sheria", "anayeomba hifadhi". Kila moja linataja hali tofauti, na msikilizaji mwenye ndugu ng'ambo ya mpaka anahitaji kujua ni ipi inayozungumzwa.